Vice City inaleta kioo cheusi kwenye Linux Mint: nirudishe Windows?

"Mwanangu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tukuyu, nakaribia kustaafu. Mashine yangu ni HP ProBook 4540s, Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4, kadi ya picha ni ile ile ya Intel iliyokuja nayo. Fundi mmoja wa Mwanjelwa aliniondolea Windows 10 akaniwekea Linux Mint, na kwa kazi za shule sina malalamiko. Shida ni gemu. Kijana wangu wa mwisho yuko likizo, na nyumbani tuna CD za kaka zake: GTA Vice City, ambayo ni CD mbili, na Age of Empires II. Ipo pia PES 6 iliyokopiwa kwa flashi. Kijana wa jirani aliniwekea Wine, akaongeza na kitu kinaitwa DXVK, akasema hicho ndicho kinafanya gemu ziwe nyepesi. Sasa Vice City inaleta kioo cheusi halafu inajifunga. Age of Empires inafunguka vizuri, ila tukitoka kila kitu kwenye kioo kinabaki kikubwa mno. PES 6 haifunguki wala haisemi lolote. Mwenzangu kazini anasema Wine ni emuleta, mashine ya GB 4 haiiwezi, tena inaleta virusi, nirudishe Windows tu. Nimsikilize?"

Shikamoo mwalimu. Nianze na swali lako la mwisho: hapana, usirudishe Windows kwa ajili ya gemu hizi. Ulichoeleza si tatizo moja, ni matatu tofauti, na lile la Vice City kwa maelezo yako linaelekea kuwa limetokana na DXVK yenyewe. Mashine yako ina nguvu za kutosha kwa gemu zote tatu. Maelekezo mengi yanayosambaa kuhusu gemu kwenye Linux yameandikwa na watu wenye mashine mpya, na kijana wa jirani amekufanyia, kwa nia njema kabisa, kitu kinachowafaa hao. Wewe unahitaji njia ya zamani zaidi, ambayo kwa bahati nzuri tayari imo ndani ya Wine.

Tuanze na maneno ya mwenzako kazini, maana yana ukweli kidogo uliochanganyika na makosa. Wine si emuleta. Emuleta hujifanya kompyuta nyingine nzima, prosesa na vyote, na ndiyo maana huwa nzito. Gemu zako zimeandikwa kwa maagizo ya prosesa za aina ya Intel, na prosesa yako ni hiyo hiyo, kwa hiyo maagizo yale yanakwenda moja kwa moja bila kupitia kwa mtu. Kinachokosekana kwenye Linux ni huduma ambazo gemu ilizoea kuziomba kwa Windows: nifungulie faili hili, nichoree dirisha, toa sauti hii. Wine inakaa katikati kama mkalimani kanisani, anayesikia sentensi na kuitoa papo hapo kwa lugha nyingine, na ibada inaendelea. Mradi huu ulianza mwaka 1993, kwa hiyo huduma za Windows za enzi za gemu zako umezifanyia kazi kwa miaka mingi sana. Gemu za zamani mara nyingi ndizo zinazokubali vizuri zaidi.

Kuhusu RAM, angalia nyuma ya boksi la Vice City kama bado unalo. Iliomba prosesa ya megahezi 800 na RAM ya megabaiti 128. Age of Empires II ya mwaka 1999 iliomba megahezi 166 na megabaiti 32. Wewe una gigabaiti 4. Funga kivinjari chenye kurasa nyingi kabla ya kucheza, basi.

Na kurudisha Windows kungekusaidia kidogo kuliko mwenzako anavyodhani. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa ya kizazi chako. Zaidi ya hapo, Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16, na CD nyingi za miaka ya 1990 zina programu ya kusakinisha ya biti 16 hata pale gemu yenyewe ni ya biti 32. Wine inaziendesha. Kuna pia ulinzi wa CD ulioitwa SafeDisc, uliotumika sana enzi hizo: Microsoft waliacha kuuruhusu kuanzia Windows 10 mwaka 2015 kwa sababu za usalama. Kwa hiyo zipo CD halali, zilizonunuliwa kwa hela, ambazo Windows ya leo inazikataa.

Sasa kile kioo cheusi. Hapa nitakaa kidogo, maana ukielewa sehemu hii hutahangaika tena na gemu yoyote ya aina hii.

Gemu za Windows huchora picha kwa kupitia Direct3D, huduma ya michoro ya Windows. Vice City inatumia toleo la 8. Linux haina Direct3D, kwa hiyo lazima michoro itafsiriwe kuwa kitu ambacho draiva ya kadi yako inakielewa, na njia ziko mbili. Ya kwanza imo ndani ya Wine tangu zamani: inabadilisha Direct3D kuwa OpenGL. Ya pili ni DXVK, inayobadilisha Direct3D kuwa Vulkan. Kwenye kadi mpya DXVK ni kazi ya kupongezwa sana. Ndiyo moja ya nguzo za Proton, ile ambayo Valve, wenye duka la gemu la Steam, waliileta mwaka 2018 na kufanya maelfu ya gemu za duka hilo zicheze kwenye Linux. Sifa zake si za uongo.

Lakini kadi yako, Intel HD 4000, ni ya mwaka 2012. Vulkan ilitoka mwaka 2016. Watu wa Linux walijitahidi kuipa kadi hiyo draiva ya Vulkan, ila haikukamilika, na draiva yenyewe hukiri hivyo kwa onyo kila inapoanza. DXVK kuanzia toleo la 2.0, la Novemba 2022, inadai Vulkan 1.3 kamili. Kadi yako haifiki hapo. Kwa hiyo Vice City inaomba kuchora, DXVK inatafuta kadi inayofaa, haioni hata moja, gemu inajifunga. Ukiifungulia gemu kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, huenda ukaona maneno haya: `No adapters found`. Hayana maana kwamba kadi imekufa. Maana yake ni kwamba hakuna kadi iliyokidhi masharti ya DXVK. Kwa OpenGL kadi hiyo hiyo iko vizuri kabisa, na gemu ya 2003 haihitaji zaidi ya hapo.

Usihangaike kuing'oa DXVK faili kwa faili. Wine huweka kila kitu ndani ya folda moja, ambayo kwa kawaida ni `.wine` kwenye folda yako ya nyumbani, na ndani yake kuna `drive_c`, C: ya kujifanya. Unaweza kuwa na folda kama hizo nyingi upendavyo, kila gemu na yake, na ndivyo ninavyoshauri kila mtu: fujo ya gemu moja isiguse nyingine. Fungua terminali uandike:

`mkdir -p ~/gemu`

`WINEPREFIX=~/gemu/vicecity winecfg`

Itatengeneza folda mpya, safi, isiyo na DXVK, halafu dirisha la mipangilio litafunguka. Ikikuuliza kama ipakue Mono, kataa, utunze bando lako. Hiyo ni ya programu zilizoandikwa kwa mfumo wa Microsoft uitwao .NET, na gemu zako si za aina hiyo. Ukikuta maelekezo yanayokwambia uongeze `WINEARCH=win32`, yaache. Yalikuwa sahihi zamani, ila Wine zinazojengwa kwa mtindo mpya zinakataa neno hilo na kukuachia kosa lisiloeleweka.

Kabla ya kusakinisha, hakikisha kadi ndiyo inayochora na si prosesa. Sakinisha kifurushi cha `mesa-utils`, kisha andika `glxinfo | grep renderer`. Ukiona jina la Intel HD 4000, mambo safi. Ukiona `llvmpipe`, prosesa inachora yenyewe kila kitu na gemu yoyote ya 3D itakwenda kwa kukwama. Hapo tatizo ni draiva, si Wine. Na kwa kuwa gemu hizi ni za biti 32, kwa Wine za mtindo wa zamani draiva ya biti 32 nayo lazima iwepo: `sudo apt install libgl1-mesa-dri:i386`. Hili husahaulika sana, na mtu huishia kuilaumu gemu.

CD mbili za Vice City zina mtego wake. Ukiingia ndani ya CD kwenye kidirisha cha mafaili na kuanzisha `setup.exe` ukiwa humo, Linux inahesabu kwamba CD inatumika. Programu ikifika mahali pa kuomba CD ya pili, kitufe cha kutolea hakiitiki, na nimeshaona mtu akichokonoa kwa pini ili aitoe. Anzia nyumbani, nje ya CD, kwa kuandika `WINEPREFIX=~/gemu/vicecity wine 'D:\setup.exe'`, na ikiomba CD ya pili fungua terminali nyingine uandike `WINEPREFIX=~/gemu/vicecity wine eject d:`. Kama herufi si D, dirisha la `winecfg` kwenye kichupo cha Drives litakuonyesha ni ipi.

Ikishaingia, nenda kwenye mipangilio ya picha ndani ya gemu uhakikishe kizuizi cha kasi, kilichoandikwa Frame Limiter, kimewashwa. Vice City haikutengenezwa kwa mashine zenye kasi hii, na kikizimwa baadhi ya mambo humo ndani huanza kwenda kombo.

Sasa niseme ukweli mmoja usiopendeza. Baadhi ya CD za enzi hizo zina ulinzi uliotaka kuweka draiva yake katikati kabisa ya Windows, na Wine hairuhusu kitu kama hicho wala haiwezi kukiigiza chote. Kama gemu inasakinishwa vizuri, kisha kila ukiifungua inadai uweke CD ambayo tayari imo, huenda umegonga ukuta huo. Njia ya halali ni kununua nakala isiyo na kufuli. GOG, duka la mtandaoni lililoanza mwaka 2008 kwa ajili ya gemu za zamani hasa, huuza nakala zisizo na ulinzi wa namna hiyo, na faili la kusakinisha unabaki nalo mwenyewe hata bila intaneti. Tafuta kwanza kama gemu yako ipo kabla ya kutoa hela, maana orodha hubadilika.

Age of Empires ni rahisi. Gemu hiyo inabadilisha ukubwa wa picha ya kioo chote ili ipate vipimo vyake vya zamani, na ikifunga vibaya hairudishi kioo kilivyokuwa. Kwa sasa, kioo kikibaki kikubwa andika `xrandr -s 0` na kitarudi. Ili isitokee tena, iwekee folda yake, fungua `winecfg` ya folda hiyo, nenda kichupo cha Graphics, uweke tiki kwenye Emulate a virtual desktop na kuandika 1024 kwa 768. Gemu itacheza ndani ya dirisha lake, kioo chenu hakitaguswa. Watu wengi walioicheza kwenye Windows 7 wanaikumbuka kwa nyasi zambarau na maji mekundu, kwa sababu ilitegemea rangi 256 na Windows ilikuwa inazivuruga. Kwenye Wine, sijakutana na hilo.

PES 6 ni habari nyingine, na hapa mwenzako kazini ana hoja.

Kwanza, kwa nini iko kimya. Folda iliyokopiwa kwa flashi haina kile ambacho programu ya kusakinisha ingeandika kwenye sajili ya Windows, kama vile gemu iko wapi na imewekwaje. Gemu nyingi zikikosa maandishi hayo hujifunga kimyakimya. Uiulize yenyewe: ingia kwenye folda yake kwa `cd`, maana gemu ikianzishwa kutoka kwingine mara nyingi haioni mafaili yake, kisha, ukitanguliza `WINEPREFIX=~/gemu/pes6` ili nayo iwe na folda yake ya Wine, uiite kwa `wine` na jina la faili lake la exe. Terminali itamwaga mistari mingi. Inayoanza na `fixme` iache kabisa, hata ikiwa mia. Hiyo ni kumbukumbu za watengenezaji wa Wine kwa ajili yao wenyewe. Tafuta inayoanza na `err`. Kwa mfano, ukiona `err:module:import_dll Library d3dx9_30.dll`, na mbele yake `not found`, basi limekosekana faili moja la DirectX, na `winetricks d3dx9`, amri ya programu saidizi ya Wine, kwenye folda hiyo ya Wine italileta. Mstari mmoja wa namna hiyo una faida kuliko kubahatisha mipangilio usiku kucha.

Pili, virusi. Wine yenyewe haileti virusi. Lakini Wine inaendesha programu za Windows, na virusi ni programu. Exe iliyopita kwenye flashi kumi na kuchezewa na mtu asiyejulikana ili isidai CD ndiyo mahali virusi vinapopenda kukaa. Watu wengi wanaamini kwamba ndani ya Wine wamefungiwa salama. Si kweli. Kwa kawaida Wine inaweka herufi Z: inayoelekea kwenye diski yako yote ya Linux, na folda ya Documents ya Wine ni ile ile yako. Programu mbaya haitaharibu Linux yenyewe, ila inaweza kusoma au kufuta chochote ambacho wewe una ruhusa nacho: matokeo ya wanafunzi, picha za familia.

Kwa hiyo, mwalimu, kama utaamua kuijaribu PES hiyo, fungulia kijana akaunti yake kwenye Mint, isiyo na mamlaka ya usimamizi, na gemu zikae huko. Hakikisha folda yako ya nyumbani haisomeki kutoka akaunti nyingine. Kwenye `winecfg` futa Z: katika kichupo cha Drives, na katika kichupo cha Desktop Integration ondoa kiungo cha Documents. Usiendeshe Wine kwa `sudo` hata siku moja, hata mtu akikuapia kwamba ndiyo suluhisho. Kwa maoni yangu, ningetafuta DVD halisi ya PES 6 kuliko kuihangaikia folda ile. DVD yenyewe itasakinishwa sawasawa, na ukiwa nayo ile programu yake ya `settings.exe` ndiyo ya kupangia ukubwa wa picha na vitufe vya padi. Padi za USB unazipima kwa `wine control joy.cpl` kabla hamjaanza kulaumiana nani kafungwa.

Utashauriwa pia Steam, Lutris na Bottles. Ni programu nzuri za kusimamia gemu, nazitumia. Kwako sioni haja. Steam ni nzito kwa GB 4, na hizo nyingine hukuvuta kuelekea DXVK, ambayo tumeshaona kadi yako haiwezi. Bottles nayo kwa kawaida inakuja kwa Flatpak, aina ya vifurushi vikubwa vya programu, na bando litateketea kabla hujaona gemu. Kuweka Windows XP ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine, kunafaa kwa gemu za 2D, ila kwa 3D kama Vice City utakata tamaa. Njia ambayo siidharau ni kompyuta ya mezani kuukuu yenye XP halisi, kama unaweza kuipata kwa bei ya kutupa. XP haina masasisho tangu Aprili 2014, kwa hiyo isiunganishwe na intaneti wala isipokee flashi za watu. Na kijana akipenda vita vya Age of Empires, mwonyeshe 0 A.D.; ni ya bure, imetengenezwa kwa Linux pia, inapatikana kwenye duka la programu la Mint, na haihitaji Wine wala CD. Kwa kadi yako, mpunguzie ubora wa picha.

Gemu ikikubali, nakili folda nzima ya Wine kwenye diski ya nje. Hiyo ni akiba kamili, na likizo ijayo mtaanzia hapo. Vice City huhifadhi michezo yenu kwenye `GTA Vice City User Files` ndani ya Documents, nayo msiisahau, hasa kama mmeondoa kile kiungo, maana hapo iko ndani ya folda ya Wine na mkiifuta folda imekwenda.

Yapo mambo ambayo sitaweza kuyatatua kwa maandishi, na hapo upeleke mashine kwa fundi. Ikizima ghafla dakika chache baada ya gemu kuanza, au feni ikivuma bila kutulia, ni joto: vumbi limejaa, na ile pasti kati ya prosesa na kipoozeo imekauka baada ya miaka yote hii. Usiendelee kucheza ikiwa hivyo. Kiendeshi cha CD kikigongagonga, au usakinishaji ukikwama mahali pale pale kila mara, jaribu CD nyingine kwanza. Kwa unyevu wa Tukuyu, CD iliyokaa kabatini tangu kaka zake wako shule huenda imeota ukungu. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. CD zote zikikwama, ni kiendeshi. Diski kuu ikitoa mlio au mashine ikianza kuchelewa kwenye kila kitu, nakili kazi za shule kabla ya jambo lolote.

Ukienda Mwanjelwa, au ukimpata mwanafunzi wa kompyuta wa MUST, chuo kikuu cha Mbeya, aliyekuja likizo huko Rungwe, mwambie mapema kwamba mfumo ubaki Linux Mint na diski isifutwe. Mpe maelezo ya kioo cheusi, mtajie HD 4000, na umwonyeshe ule mstari wa `err` ulioupiga picha kwa simu. Kama hutapata mtu, nitumie mimi mstari huo pamoja na jibu la `wine --version`, nitakujibu.